Ko, Kila Mzunguko

Daktari wa sukari kasema: tembea, au panda baiskeli.
Nikachagua ya pili, maana ya pili ina kiti.
Saa kumi alfajiri, kabla Al-Khod haijawa tanuri,
natoka getini, nayo inatoka na maneno yake:
ko. ko. ko.
Mpaka jirani yangu Muhenna akaniuliza baada ya sala,
kwa adabu zote za ujirani,
iwapo nimefungua kinu cha ufuta uani.

Basi Ijumaa nimeipandisha darini, nyuma ya tangi la maji,
nimeipindua, magurudumu juu, kama kasa aliyekamatwa,
nikakaa juu ya ndoo.
Nimekuwa mhasibu miaka thelathini na mmoja;
kosa halitafutwi kwa hasira, hutafutwa safu kwa safu.

Nikaanza na cheni, maana cheni ndiyo hushutumiwa kwanza.
Nyeusi ti, imekabwa na mchanga,
na hatia ni yangu: mwezi uliopita niliipaka mafuta ya nazi,
ikanukia vizuri, na vumbi lote la wadi likaja karamuni.
Nikaisugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa,
pingili baada ya pingili,
nikaipangusa kwa pande la kanzu iliyostaafu pamoja nami.
Kisha nikaenda kwa Zuwena kuomba mafuta ya cherehani.
Akanipimia kwa matone, kama dawa ya macho:
"Tone moja kila pingili. Halafu ufute.
Mafuta ya nje hayakusaidii kitu, yanaita mchanga tu."

Nikazungusha pedali kwa mkono. Kimya.
Gia ya kwanza, kimya. Ya tano,
kimya kama msikiti saa tatu asubuhi.
Nikaishusha ngazi na ushindi wangu, nikapanda,
nikafika kona ya duka la Mmalabari.
Ko.

Pana jambo hapa.
Mgongoni pakiwa hapana mtu, hailii.
Mzigo ndio unaoisemesha.
Nikaacha kukanyaga, ikaserereka: kimya. Basi si gurudumu.
Nikanyanyuka kitini, nikakanyaga: ko. Basi si kiti.
Mzunguko mmoja wa miguu, kilio kimoja.
Si viwili.

Zuwena alikuwa mlangoni na kofia anayoitarizi,
yeye ambaye miaka yote huisikiliza cherehani yake
kama mama amsikilizavyo mtoto chumba cha pili.
Akatoa sindano mdomoni.
"Ni mguu wa kushoto," akasema, na kuirudisha.
Nikakanyaga kwa wa kulia peke yake: kimya.
Kwa wa kushoto:
ko.

Nikashika spana. Nikafungua, ikakaza.
Nikafungua tena, jasho likanidondoka kidevuni, ikakaza zaidi,
mpaka nikamkumbuka marehemu ami Mbarouk na vidole vyake vya grisi:
pedali ya kushoto, mwanangu, huanzia upande wa pili,
kama barua za babu yako.
Ikatoka.
Ndani ya hesi zake mlikuwa na mchanga mkavu,
hauzidi chumvi ya yai moja.
Huo ndio uliomwamsha Muhenna wiki tatu.
Nikasafisha, nikapaka grisi, nikakaza kinyumenyume.

Jumamosi, saa kumi. Barabara ya kwenda wadini, taa za manjano.
Kimya chenyewe sikujua nikifanyie nini.
Nikasikia viyoyozi vya mtaa mzima vikikoroma,
tairi ikinong'onezana na lami,
njiwa mmoja asiyejua saa.
Na chini kidogo, upande wa kushoto, mara moja kila mzunguko,
laini zaidi, ya ndani zaidi,
ko.

Goti.

Nikalihesabu mpaka darajani,
nikapoteza hesabu, nikaanza tena.